Siku Moja Materuni: Matembezi ya Kihamba kwa Aliyekulia Chini ya Migomba

Kwa miaka mingi niliamini kwamba matembezi ya Materuni, kijiji cha mteremko wa Kilimanjaro chenye maporomoko ya maji, ni ya wageni. Magari yanayopanda kila asubuhi kutoka Moshi mjini kuelekea Uru hubeba watu waliokuja kuukwea mlima au wanaopumzika baada ya kuushuka, nasi wenyeji huyapisha kando ya barabara bila kuwaza kwamba siku moja tutaketi ndani yake. Novemba iliyopita niliketi ndani ya gari hilo, pamoja na mama yangu mzazi, ambaye amevuka miaka 70, na rafiki yangu wa kazini aliyezaliwa katika kijiji kimoja cha Dodoma. Ninaandika tathmini hii kwa ajili ya Watanzania wanaojiuliza kama huduma hiyo inafaa kulipiwa na mtu ambaye mgomba si kitu kigeni kwake. Jibu langu ni kwamba inafaa, na huenda inawafaa zaidi watu waliokulia katika mazingira ya namna ile kuliko wale wanaoyaona kwa mara ya kwanza. Hata hivyo, haikuandaliwa kwa kutufikiria sisi, na karibu mapungufu yake yote yanaanzia hapo.

Yafaa nieleze kwanza kwa nini Wachaga wawili walihitaji mwongozaji wa kuwaonyesha migomba. Kihamba nilichokulia, yaani shamba la ukoo lenye migomba na kahawa kuzunguka nyumba, kiko kwenye mteremko huohuo wa kusini wa Kilimanjaro, lakini hakiko tena mikononi mwetu. Kiligawanywa babu alipofariki, na sehemu iliyotuangukia ikauzwa wakati wa ugonjwa wa baba, kwa sababu hapakuwa na kitu kingine cha kuuza. Leo mahali pale pana nyumba ya matofali, ukuta, na geti la chuma. Mama anaishi nami Dodoma tangu mwaka ule, na hajawahi kulalamika; lakini kila mvua inapochelewa huuliza kama kwetu imekwisha kunyesha, na hilo neno "kwetu" hulitamka kana kwamba funguo za nyumba bado ziko kiunoni mwake. Nilipopiga simu kwa vijana wanaoongoza watu Materuni, nilichokuwa nikikinunua hasa ni ruhusa ya kutembea kwa saa chache chini ya migomba ya watu wengine bila kuulizwa nimefuata nini.

Tuliondoka mjini mapema, kabla mawingu hayajaufunika mlima. Kutoka Moshi hadi Materuni si safari ndefu, haifiki hata kilomita 20, lakini ndani ya mwendo huo mfupi joto la mjini huachwa nyuma, vumbi hugeuka udongo mwekundu wenye unyevu, na migomba huanza kukaribiana hadi jua lenyewe linaingia barabarani kwa vipande. Mama aliomba kioo cha upande wake kishushwe. Kibo kilikuwa wazi. Vipimo vya wanasayansi vinaonyesha kwamba takribani asilimia 85 ya eneo la barafu lililokuwapo kileleni mwaka 1912 lilikuwa limetoweka kufikia mwaka 2011, na mimi hizo takwimu nilikuwa nimezisoma, mama hajazisoma, lakini alikitazama kilele kwa muda, kisha akasema, "Zamani kilikuwa kinajifunika shuka nzima. Sasa kimebaki na leso."

Mwongozaji wetu alikuwa kijana wa kijiji hichohicho, mpole, mwenye mabuti ya mvua na fimbo mbili za ziada alizomletea mama bila kuombwa. Alimwamkia vizuri, akamwita bibi, naye mama akamjibu "Marahaba, baba," na kuanzia hapo mambo kati yao yalikuwa mazuri. Baada ya kulipa ada ya kijiji alianza maelezo yake, na hapo ndipo nilipogundua kasoro ya kwanza. Yalikuwa maelezo yaliyokaririwa kwa ajili ya mtu asiyejua lolote: hii ni ndizi, huu ni mti wa kahawa, hili ni parachichi. Nilimwomba kwa upole azungumze nasi kama anavyozungumza na watu wa nyumbani kwao. Alinyamaza kidogo, akacheka, na kwa dakika kadhaa hakujua aanzie wapi, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwomba hivyo.

Tulianza kutembea. Asiyewahi kuingia kwenye kihamba afikirie nyumba yenye ghorofa za majani. Juu kabisa husimama miti mirefu kama mringaringa na mfuruanje, iliyoachwa makusudi ili itoe kivuli. Chini yake migomba ya aina nyingi, ya kupika, ya kuiva na ya kutengenezea mbege, pombe yetu ya ndizi. Chini ya migomba kuna kahawa. Na chini ya kahawa kuna magimbi, maharage na viazi vikuu, kila kimoja kikipata kiasi cha jua kinachokitosha. Ng'ombe hufungwa bandani na kuletewa majani, na samadi yake hurudi shambani. Kijiji cha jirani, Shimbwe Juu, kiliingizwa na FAO, shirika la Umoja wa Mataifa la chakula na kilimo, mwaka 2011 katika orodha ya mifumo ya kilimo yenye urithi muhimu kwa dunia, kwa sababu ya kihamba hikihiki. Kwetu watoto hakikuwa urithi wa dunia. Kilikuwa uwanja wa mpira, na mpira wenyewe ulikuwa wa majani makavu ya mgomba yaliyosokotwa na kufungwa kwa kamba za mgomba. Kilikuwa mteremko wa kuteleza kwa kukalia ganda bichi la mgomba hadi kaptula inatoboka. Na usiku kilikuwa mahali pa kutisha, kwa sababu mnyama aitwaye perere alilia kutoka mitini kwa sauti inayopanda kama mtu anayekabwa, na bibi alituambia kwamba anawaita kwa majina watoto ambao hawajalala.

Mwendo wa karibu nusu saa ulitufikisha kwenye mfongo, na kwangu mimi thamani yote ya safari ilikuwa pale. Mfongo ni mfereji wa kuchepusha maji kutoka mtoni na kuyatembeza kwa ukingo wa mteremko hadi kwenye vihamba. Wazungu wa kwanza waliofika Uchagani katika karne ya 19 waliikuta mifongo ikifanya kazi, ikiwa imechimbwa na watu wasiokuwa na kifaa chochote cha kupimia mwinuko isipokuwa maji yenyewe. Huu tulioukuta ulikuwa mwembamba, hauzidi hatua moja kwa upana, na maji yake yalikuwa yakipita kwa ile sauti ndogo ambayo nilikuwa nimeisahau kwa miaka 30 bila kujua kwamba nimeisahau. Kando yake palikuwa na magimbi yenye majani mapana. Mama aliegemeza fimbo yake kwenye mgomba, akachuma jani moja, akalikunja kama bakuli na kuchota maji. Mwongozaji aliwahi kumsihi asinywe, kwa kuwa siku hizi kuna makazi mengi huko juu, naye mama akamtuliza kwa mkono. Hakuwa na nia ya kunywa. Alikuwa akiyazungusha maji ndani ya jani ili ayaone yakikusanyika.

Kila aliyekulia kwenye magimbi anaujua mchezo huo. Jani la gimbi halilowi. Lina vijinundu vidogo mno vyenye nta, hivyo tone la maji haliwezi kulala juu yake bali hujikunja na kuviringika kama gololi ya kioo. Tulikuwa tukishindana kulifikisha tone nyumbani bila kulimwaga, tukitembea polepole kwenye ukingo wa mfongo huku mikono ikitetemeka, na aliyeshinda hakupewa chochote. Mama alinipa lile jani. Nilipiga hatua kama kumi na tano, mimi mtu mzima niliyevaa miwani, na sikuweza kulitazama tone lile na kuzungumza kwa wakati mmoja.

Kisha mama akaanza kusimulia, naye si mtu wa kusimulia. Alieleza jinsi wanaume walivyopangiana zamu za maji, jinsi kingo zilivyozibwa kwa udongo na vipande vya mgomba, na jinsi alivyoamshwa usiku akiwa msichana ili asimame penye mchepuko asije mtu akageuza maji kabla ya zamu yao kwisha. Alituonyesha masale yaliyopandwa mpakani, akaeleza kwamba mtu aliyekosa akija na jani la sale mkononi ni lazima asikilizwe. Aligusa gome la mti ambao mwongozaji alikuwa ameupita bila kuutaja, akauliza, "Huu si msesewe?" Ulikuwa msesewe, ambao gome lake huipa mbege uchungu wake. Kijana yule alitoa simu mfukoni na kusema, "Bibi, subiri kidogo, nirekodi." Kuanzia hapo, kwa muda wa saa nzima, mwongozaji alikuwa mama.

Katika Kiswahili, kumkumbuka mtu na kumtamani arudi ni neno moja. Anayekwambia "nimekukumbuka" hakuelezi tu kwamba sura yako imempitia akilini, anakudai uje. Nadhani lugha yetu imeliona jambo hili vizuri kuliko waganga wa zamani wa Ulaya. Mwaka 1688 mwanafunzi wa udaktari huko Basel, Johannes Hofer, aliandika tasnifu akiipa jina maalumu hali iliyowapata Waswisi walioishi mbali na kwao, na aliihesabu kuwa ugonjwa wa kweli, ambao tiba yake ya uhakika ilikuwa kumrudisha mgonjwa nyumbani. Nilimfikiria mama yangu, mtu wa mlimani anayeishi penye tambarare kavu, kisha nikaelewa kwa nini katika safari yote kutoka Dodoma hakusinzia.

Mvua ilitukuta karibu na nyumba tuliyokuwa tukienda kunywea kahawa. Chini ya migomba mvua husikika kabla haijakulowesha: kwanza kishindo cha mbali kinachokuja juu ya majani, kisha matone makubwa, kisha kila jani linakuwa ngoma. Tulijikinga barazani. Hapo rafiki yangu, ambaye hadi wakati ule alikuwa mtazamaji mwenye adabu katika kumbukumbu za watu wengine, alinyamaza kabisa. Harufu ya udongo ilikuwa imepanda kutoka uani, mahali palipokuwa pakavu chini ya mchirizi. Harufu hiyo hutokana kwa kiasi kikubwa na kemikali iitwayo jiosmini, inayotengenezwa na bakteria wa udongoni, na pua ya binadamu huitambua hata ikiwa kidogo mno. Tena njia ya harufu ni fupi kuliko ya milango mingine ya fahamu, kwani hufika sehemu za ubongo zinazoshughulikia hisia na kumbukumbu bila kupitia kituo ambacho kuona na kusikia hupitia kwanza. Rafiki yangu hakuyahitaji maelezo hayo. Alisema tu kwamba kwao harufu hiyo huja mara moja kwa mwaka, baada ya miezi mingi ya vumbi, na kwamba jioni yake watoto wote hutoka na mabeseni kuwakamata kumbikumbi wanaoruka kuelekea kwenye mwanga. Alimtaja dada yake, aliyefariki wakiwa wadogo, ambaye ndiye aliyekuwa akishika beseni. Mama aliusogeza mkeka karibu naye. Hakuna ratiba ya matembezi inayoweza kuandika jambo hilo kwenye bei yake, lakini ni lazima nilitaje hapa, kwa sababu liliwezekana kwa kuwa baraza lile lilikuwapo, na kwa kuwa mwenye nyumba alituacha tukae.

Kahawa yenyewe ilikuwa nzuri. Buni hukobolewa kwenye kinu mbele ya wageni, hupepetwa, hukaangwa kwenye chungu juu ya kuni, kisha hutwangwa huku watu wakiimba na kupiga makofi. Wimbo umetiwa maneno ya kuwafurahisha wageni wa mbali, na vijana walituimbia vilevile wanavyowaimbia wao, jambo ambalo lilinipa huzuni kidogo, kwani nyimbo za kutwanga nilizozisikia utotoni hazikuwa na haraka namna ile. Nilichokipenda zaidi kilikuwa kabla ya kinu. Kwa kuwa mvua za vuli zilikuwa zimeanza, baadhi ya mibuni ilikuwa imechanua maua meupe yenye harufu kama asmini, na hapohapo kulikuwa na matunda mekundu ya mwisho wa msimu. Niliminya moja mdomoni, nikafyonza utamu wake na kuitema mbegu, kama tulivyofanya tukitoka shule kwa siri, kwa sababu kila tunda lilikuwa na hesabu yake. Ada yangu ya sekondari ilitoka kwenye madebe ya kahawa. Wakulima wa mlima huu walianzisha chama chao wenyewe mwaka 1925, nacho mwaka 1933 kikawa KNCU, chama kikuu cha ushirika cha Kilimanjaro, na vizazi kadhaa vya watoto wa Kichaga vilisomeshwa kwa tunda hili. Katika maelezo tuliyopewa hilo halikutajwa hata kwa sentensi moja. Tulielezwa tofauti ya kukaanga kidogo na kukaanga sana. Ninawaomba waandaaji wa matembezi haya waliweke, kwa kuwa hata mgeni wa mbali angeinywa kahawa yake kwa heshima zaidi akijua imemvusha nani.

Kuhusu maporomoko yenyewe sina mengi. Waongozaji husema yana urefu wa mita 80 hivi. Ni mazuri, maji yake ni baridi kiasi cha kukata pumzi, na picha zake mmekwisha kuziona. Njia ya kushukia huwa na utelezi baada ya mvua, na palipo na mteremko mkali sikuona mahali pa kutosha pa kujishikia. Mama alibaki juu kwa mwenye nyumba, na ninawashauri wenye wazee wafanye vivyo hivyo. Chakula cha mchana, ndizi kwa nyama na mboga za majani, kilichelewa kwa zaidi ya saa moja, lakini kilikuwa cha moto na kingi. Mbege tuliipata kwa kuiomba, kwa kuwa haimo katika ratiba. Mama alionja kutoka kwenye kata, akasema ulezi wake haukusagwa vizuri, kisha akaimaliza.

Kasoro kubwa ilikuwa haraka. Mwongozaji alikuwa na kundi jingine mchana, na mara tatu alitukumbusha saa tukiwa bado kwenye mfongo, mahali ambapo katika mpango wake palitengewa dakika tano za kupiga picha. Simlaumu yeye, maana ratiba hupangwa kwa kuamini kwamba kilele cha siku ni maporomoko na kwamba vingine vyote ni njia ya kufikia huko. Kwa mtu aliyekulia pale hesabu hiyo imepinduka. Anayetaka kuitumia huduma hii kama tulivyoitumia sisi aseme mapema, wakati wa kupiga simu, kwamba anataka siku nzima, anataka Kiswahili, na anataka mwendo wa mtu mzima. Aulize pia bei ya mkazi, kwani ni tofauti na ya mgeni wa nje, na ahakikishe kwamba ada ya kijiji imo ndani yake au haimo. Viatu viwe vya kushika udongo.

Jambo moja zaidi nalazimika kulisema ili nisiwadanganye wasomaji. Jioni, tukirudi mjini, nilimwambia mama kwamba utoto ule ulikuwa mtamu. Alinitazama akasema, "Ulikuwa unalia kila asubuhi. Shingo ilikuwa inakuuma kwa mzigo wa majani ya ng'ombe, na funza walikuwa wanakumaliza vidole." Ni kweli. Mabingobingo yenye umande yaliloweka mgongo kabla ya kwenda shule, na baridi ya Julai haikuwa na huruma kwa mtoto asiye na sweta. Kumbukumbu yangu ilikuwa imechagua tone la maji na kuuacha mzigo. Nilipomuuliza kama yeye angependa kurudi tena baada ya kuyakumbuka yote hayo, alijibu kwamba anayakumbuka yote kila siku, na ndiyo maana anataka kurudi.

Wiki tatu baadaye kijana yule alipiga simu. Alikuwa na kundi la wanafunzi kutoka Arusha na alitaka kuhakikisha alivyoelezwa kuhusu zamu za maji kabla ya kuwasimulia. Mama alizungumza naye akiwa amesimama mlangoni hadi ugali ukapoa, akarudia habari ya msesewe mara mbili, na akamsahihisha namna ya kulitamka jina la mfongo mmoja ambalo sikuwahi kulisikia. Tumekwisha kuweka nafasi ya Julai, wakati wa kuchuma kahawa. Rafiki yangu anamleta binti yake wa miaka minane. Maporomoko tumeyaondoa kwenye ratiba, na mama ametoa sharti kwamba magimbi ya pale kwenye mfongo yasifyekwe hadi tufike.